Friji ya wazee imejaa vikopo visivyo na tarehe, nyie wenzetu mnaweka lebo vipi?

ZamuYaAsubuhi

Wakuu habari zenu. Mi nafanya kazi kwenye makao ya wazee, upande wa kuwahudumia sio jikoni, ila ile friji ndogo ya wodini iko mikononi mwetu sisi wahudumu na ndo inayonikosesha raha. Ukiifungua saa hii unakuta vikopo vya plastiki vimebebana, kimoja kimeandikwa "Bibi", kingine "chumba 7" basi, kingine hakina kitu kabisa, kuna supu imefunikwa na foili haijulikani ni ya jikoni au imeletwa na ndugu, kuna maziwa yamefunguliwa na hakuna anayejua yamefunguliwa lini. Ukiuliza zamu ya usiku wanasema tumeikuta hivo hivo, ukiuliza ya mchana nao jibu ndo hilo hilo.

Sasa wenyewe tumegawanyika. Kuna wanaosema we fungua, nusa, kama hakinuki mpe mwenyewe ale. Na kuna wengine siku ya usafi wanamwaga kila kitu, halafu mzee anauliza kile nilicholetewa na mwanangu kiko wapi, anaambiwa kimetupwa, na unaona kabisa imemuuma maana kwa baadhi yao hicho ndo kitu pekee cha kutoka nyumbani walichopata kwa muda mrefu. Mi sikubaliani na kunusa na sikubaliani na kumwaga hovyo pia, lakini nikiulizwa "sasa unataka tufanyeje" sina jibu lililopangika.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Lebo iandikwe nini hasa ili mtu wa zamu inayofuata asihitaji kuuliza? Chakula kilichopikwa kinakaa siku ngapi? Vya ndugu na vya jikoni vikae friji moja au la? Na hivi vitu wazee wanavyoweka kwenye droo za vitanda tunavifanyaje bila kuwavunjia heshima? Nataka hasa kusikia kwa watu wanaofanya hii kazi, maana mabango ya ukutani tunayo tayari na hayajasaidia.

---

JikoKubwa

Ndugu yangu umeuliza jambo la maana sana, mi nipo jikoni kwenye taasisi miaka mingi, ngoja nianze na hilo la kunusa kwa sababu ndo linaloua watu.

Bakteria wanaofanya chakula kinuke na kiteleze sio lazima wawe ndo wale wanaomwangusha mtu. Wale wabaya wengi hawabadilishi harufu wala ladha wala rangi. Listeria kwa mfano inaendelea kukua hata ndani ya friji, taratibu lakini inakua, na ndo maana siku zinahesabiwa hata kama friji yenu inapoza vizuri. Na bakteria wa staph na yule wa kwenye wali, basilasi, wanaacha sumu ambayo ukipasha moto haiondoki, bakteria anakufa sumu inabaki. Kwa hiyo mtu akikwambia "tutapasha vizuri" mwambie kupasha hakurekebishi kitu kilichoharibikia mezani.

La pili, na hili watu wengi hawalisemi: lebo haisafishi chakula. Ukichukua sufuria kubwa ya supu ukaiacha ijipoe yenyewe mpaka usiku, ukaimimina kwenye kontena na kuibandika lebo safi yenye tarehe ya leo, umebandika tarehe nzuri kwenye chakula kibovu. Kuna bakteria anaitwa klostridiamu, mbegu zake zinavumilia kuchemka, halafu kile chakula kikipoa polepole kwenye sufuria zito zinaamka na kuzaana, na ndo ugonjwa unaojulikana sana sehemu zinazopika kwa wingi, mahospitali, makao ya wazee, mashule. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumbani zaidi ya saa 2, kikisubiri kuliwa kiwe juu ya nyuzi 60, kikihifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndo wanapozaliana. Mwongozo wa Marekani wa vyakula unaenda mbali zaidi, unasema kitoke nyuzi 57 kifike 21 ndani ya saa 2, halafu kifike 5 ndani ya saa 4 nyingine. Yaani zile saa mbili za kwanza ndo za kukimbizana nazo. Gawa kwenye vyombo vifupi vipana, kina kisizidi kama vidole vitatu, nyama kubwa katakata, weka chombo kwenye maji ya barafu ukikoroga, na usikifunike kwa kubana kikiwa bado kinafuka mvuke maana joto linakwama humo. Kikishapoa ndo funika na lebo.

Sasa lebo yenyewe. Jina la chakula (sio "mboga", andika ni nini), siku kilipopikwa na saa, siku ya mwisho ya kuliwa, na herufi za jina la aliyeweka. Hiyo siku ya mwisho iandikwe na yule aliyepika, usimwachie mtu wa usiku apige hesabu, akichoka atakosea. Mwezi uandike kwa herufi, maana 4/5 kuna anayesoma tarehe nne mwezi wa tano na kuna anayesoma kinyume chake, na wafanyakazi wanatoka sehemu tofauti. Na tafadhali sana lebo ibandikwe kwenye MWILI wa chombo, sio kwenye mfuniko. Mifuniko inabadilishana kila siku. Mtu anafungua vikopo viwili kwa pamoja, anafunika kinyume, na tayari wali una tarehe ya supu.

Kuhusu siku ngapi: ule mwongozo wa Marekani unaruhusu mpaka siku 7 kama friji iko nyuzi 5 au chini na siku ya kupika ndo inahesabiwa siku ya kwanza (hapo wengi wanapotea, wanaanza kuhesabu kesho yake). Lakini 7 ndo mwisho kabisa, hailazimishwi mtu kufika huko. Mi kwa wazee naweka siku 3 na sibishani na mtu, kwa sababu najua friji ya wodi inafunguliwa mara ngapi kwa siku. Ukichanganya vitu viwili, tarehe ni ya kile kilichotangulia, mfano umetumia nyama ya juzi kwenye supu ya leo, hiyo supu ina umri wa juzi. Na friza inasimamisha saa, haiirudishi nyuma, kwa hiyo kitu kikikaa siku 2 kwenye friji kikagandishwa, siku kikitolewa kuyeyuka zile 2 bado zipo. Andika siku kilipoingia friza na siku kilipotolewa.

Kingine, ukitoa kitu kwenye paketi yake ukakimwaga kwenye ndoo au kontena, unga, sukari, maziwa ya unga, chochote, hamisha na tarehe ya kwenye paketi na maelezo ya vitu vilivyomo. Wengi wanatupa paketi halafu anakuja mzee mwenye mzio wa karanga au maziwa hakuna wa kumjibu. Na usibandike lebo mpya juu ya ya zamani, bandua ya zamani kwanza. Kontena lenye lebo tatu mi sina imani nalo hata kidogo.

---

NesiWaUsiku

Asante JikoKubwa umeeleza vizuri mno. Mi naongezea upande wa wagonjwa maana watu wanachukulia hii kama habari ya usafi tu.

Mwili wa mzee hauna ule uwezo wa kujitetea aliokuwa nao kijana. Asidi ya tumbo inayoua sehemu ya wadudu inaweza kuwa imepungua, na wengi wako kwenye dawa za kupunguza hiyo hiyo asidi. Kinga imeshuka, wengine wana kisukari, wengine figo. Kuhara ambako wewe kungekulaza nyumbani siku moja yeye kunamkausha maji, presha inashuka, anaanguka akienda chooni, anavunjika nyonga. Na pua na ulimi navyo vimepungua nguvu, kwa hiyo mkimwambia "bibi onja kama kizuri" mnamuuliza mtu ambaye huenda hasikii tofauti. Mwenye dimenshia (ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) ndo kabisa, anaweza kula kitu chenye ukungu bila kushtuka.

Kwa listeria kuna jambo moja linanitisha. Kuanzia siku mtu alipokula mpaka aumwe inaweza kuchukua wiki, hata mpaka siku 70. Sasa mzee anapanda homa leo, nani atakumbuka alikula nini mwezi uliopita? Hakuna anayeunganisha. Ule mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 mpaka 2018 uliua watu zaidi ya 200 kabla haujadhibitiwa, na kilichokuwa na shida ni nyama za kusindikwa ambazo mtu anakula bila kupika. Na Uingereza mwaka 2019 kuna wagonjwa walikuwa wamelazwa hospitalini kabisa wakapata listeria kwenye sandwichi za kupaki, baadhi wakafariki. Watu waliokuwa chini ya uangalizi. Kwa hiyo vile vitu vya kuliwa baridi, nyama za kukata za paketi, jibini laini la maziwa mabichi, samaki wa moshi asiyepikwa, matunda yaliyomenywa na kukatwa mapema, hivo ndo viwe na siku fupi kuliko vyote na visikae karibu na mlango wa friji maana pale ndo pana joto zaidi. Mayai yasiyoiva vizuri mi simpi mzee, labda yawe yale yaliyopasteraiziwa, yaani yaliyopashwa joto kiwandani kuua wadudu.

Sasa kwenye lebo ya chakula cha ndugu nataka jina KAMILI la mzee. Namba ya chumba peke yake ni hatari kwa sababu watu wanahamishwa vyumba, leo chumba 7 ni huyu kesho ni mwingine ana kisukari. Na majina yanafanana, mkiwa na kina mama wawili wanaoitwa jina moja ongeza la ukoo. Halafu siku kilipoletwa, na kama ndugu anajua, siku kilipopikwa, hiyo ndo muhimu zaidi ya siku ya kuletwa. Mi natamani na sehemu ndogo ya kuandika "muulize nesi kwanza", kwa wale wenye shida ya kumeza, wenye mzio au walio kwenye chakula maalumu.

Na jamani friji ya dawa ni ya dawa. Nimeona watu wanaweka soda na mtindi wao humo kwa sababu ina nafasi. Insulini na chanjo zinataka nyuzi 2 mpaka 8 zikae hapo hapo, kila mkifungua kutafuta mtindi joto linapanda, na kikimwagika kitu humo mmechafua dawa. Chakula cha wafanyakazi nacho kiwe na sehemu yake, kisichanganywe na cha wazee hata siku moja.

Kuhusu droo. Usiingie kama askari wa upekuzi. Mzee aliyepitia njaa utotoni kuficha mkate kunampa amani, na mwenye dimenshia hakumbuki hata kama ameuweka. Sisi tunapitia na mwenyewe akiwepo, asubuhi wakati wa kutandika, tunamwambia mama tuangalie pamoja kama kuna kitu kimechakaa tukubadilishie. Hapo kwenye KUBADILISHIA ndo penye uzito. Ukitoa mkate wa juzi mpe biskuti za paketi kwenye kopo lenye mfuniko, lenye jina lake, akae nalo. Vitu vikavu vilivyofungwa vinaruhusika chumbani bila shida, tatizo ni nyama, mayai, maziwa na chochote kilichopikwa. Ukimnyang'anya bila kumpa kitu kesho ataficha chini ya godoro ambako hutaona.

---

BintiYake

Samahani mi sio mfanyakazi, ni ndugu wa mzee aliye kwenye makao, ila nimesoma nikaona bora niseme upande wetu.

Sisi tunaoleta chakula hatuna nia mbaya, tunapika usiku, asubuhi tunasafiri, tukifika tunamkabidhi yeyote tuliyemkuta mlangoni na tunaondoka. Hakuna aliyewahi kuniambia chakula kisafiri kwenye baridi, hakuna aliyeniuliza nimekipika lini. Nikirudi mara nyingine nikaambiwa "tulikitupa" bila maelezo nahisi kama mmetupa mapenzi yangu kwa mama, nasema ukweli. Lakini mngeniambia toka mwanzo, mama akiwa anasikia, kwamba lete kidogo cha kula leo hii nikiwepo, na kinachobaki kinakaa mpaka kesho kutwa tu, kwa sababu hizi na hizi, ningeelewa na ningeshukuru. Karatasi ya ukurasa mmoja tunapewa siku ya kumwingiza mzee inatosha, na stika na kalamu viwepo pale mapokezi nijaze mwenyewe, mi ndo ninayejua kuna nini ndani, nimeweka karanga au sijaweka.

Na kikibidi kutupwa mpigie mmoja wetu au muandike mahali, "kimetupwa tarehe fulani kwa sababu muda umeisha". Basi hatutagombana.

---

ZamuYaAsubuhi

BintiYake asante sana dada, hilo la stika mapokezi sikuwa nimeliwaza na naona ndo litapunguza nusu ya ugomvi. NesiWaUsiku hilo la kubadilishia nalichukua kama lilivyo.

JikoKubwa nina maswali mawili tena. Friji yetu ina kile kitufe cha namba 1 mpaka 5, haina kipimajoto, tunajuaje iko nyuzi ngapi? Na umeme ukikatika usiku, asubuhi tunaamuaje kipi kibaki?

---

JikoKubwa

Hizo namba za kitufe hazisemi nyuzi, zinasema nguvu ya kupoza tu, hazitoshi. Nunueni kipimajoto cha friji kile kidogo cha kuning'iniza, ni kitu rahisi, wekeni rafu ya katikati mbali na ukuta wa nyuma, na kisomwe asubuhi kabla friji haijaanza kufunguliwafunguliwa na jioni tena, mtu aandike namba na saini. Ikisoma juu ya 5 mara mbili mfululizo msiendelee kuandika tu kama mashine, semeni. Mi nimeona daftari zimejazwa nyuzi 9 mwezi mzima na saini nzuri kabisa, kila mtu ameandika na hakuna aliyechukua hatua. Friza iwe nyuzi 18 hasi au chini yake.

Kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula nacho kihakikiwe, jaza glasi barafu, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka, subiri, kinatakiwa kisome 0. Kisiposoma 0 rekebisheni au badilisheni. Mkipasha chakula kifike angalau 74 katikati, kipashwe mara moja tu, na kinachobaki hapo hakirudi friji. Maikrowevu inapasha viraka viraka, kwa hiyo koroga halafu acha kitulie dakika mbili ndo upime, na hakikisha kimepungua joto kabla hujampa mzee, asije akaungua mdomo.

Umeme: friji ambayo haijafunguliwa inashika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya zamu ya usiku umeme ukienda ni kuandika SAA kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji, na isifunguliwe. Umeme ukirudi pima chakula chenyewe sio hewa ya friji. Nyama, maziwa, mayai, wali, maharage yaliyopikwa, vikiwa vimekaa juu ya 5 zaidi ya saa 4 ondoeni vyote, hapo hakuna cha kumhurumia mtu. Kama hakuna aliyeandika saa, chukulieni umeme ulikatika mapema.

Upangaji nao usiusahau. Vya kuliwa bila kupikwa tena juu, vibichi chini kabisa, kuku mbichi chini kuliko vyote ndani ya trei yenye kingo. Nyama ikiyeyuka iyeyukie humo humo ndani ya friji, sio kwenye sinki. Stoo kavu vitu viwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, na sabuni na madawa ya usafi yasikae rafu moja na chakula wala yasihamishiwe kwenye chupa za soda au maji. Hilo la chupa kwa wazee wenye dimenshia ni la kufa na kupona.

---

LisheNaWazee

Nimechelewa kuona uzi ila kuna kitu hakijaguswa na mimi kama mtu wa lishe ndo kinachonilaza macho, ni chakula cha kusaga.

Kwenye makao mengi kuna wazee hawawezi kumeza chakula cha kawaida, wanasagiwa au wanapewa vinywaji vilivyofanywa vizito. Sasa kikishasagwa vyote vinafanana, nyama ni uji wa kahawia, mboga ni uji wa kijani, na hakuna anayeweza kutambua kwa macho ni nini wala ni laini kiasi gani. Lebo hapo ndo inabeba kila kitu. Kuna mfumo wa kimataifa unaitwa IDDSI, una ngazi 0 mpaka 7, vinywaji ni 0 mpaka 4 na vyakula 3 mpaka 7, ya 4 ni chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa, ya 5 ni kilichokatwa vipande vidogo sana na chenye unyevu, ya 7 ni cha kawaida. Namba ya ngazi iandikwe kwa herufi kubwa kwenye lebo pamoja na jina la mzee. Mzee wa ngazi 4 akipewa cha ngazi 5 anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu, na hapo haijalishi kilikuwa kisafi kiasi gani. Nawaomba sana msiandike "laini" peke yake, laini ya mpishi mmoja sio laini ya mwingine.

Pili, chakula cha kusaga kimepita mikono mingi na mashine. Blenda ina visu, mpira wa chini, kona, mabaki yanakaa pale. Ifunguliwe yote ioshwe kila ikitumika, isisuuzwe tu kwa maji halafu ikaenda kwenye chakula kingine, hasa kama kilichotangulia kilikuwa na samaki au karanga na kuna mwenye mzio. Na kwa kuwa kimeongezewa mchuzi au maziwa na kimepoa wakati wa kusaga, kipashwe tena mpaka 74 kabla ya kupelekwa, au kipozwe haraka kama alivyosema JikoKubwa. Mi cha kusaga sikipi zaidi ya siku moja kwenye friji, kisagwe kidogo kidogo.

Tatu ni maziwa maalumu ya wanaolishwa kwa mrija. Yale ya maji ya kopo au chupa yakifunguliwa yafunikwe, yaandikwe saa (saa, sio siku tu), yakae friji na yasipite saa 24, isipokuwa kiwanda kimeandika muda mfupi zaidi. Yale ya unga uliokorogwa muda wake wa kuning'inia kwenye mrija ni mfupi, saa 4 basi, maana unga wenyewe sio kitu kilichochemshwa kikafa kila mdudu. Msijaze mapya juu ya yaliyobaki kwenye mfuko.

Na hizi tarehe za kiwandani, kuna inayosema "bora kabla ya" na inayosema "tumia kabla ya". Ya kwanza ni ubora, biskuti zikipita kidogo hazitamdhuru mtu. Ya pili ni usalama, ikipita imepita. Lakini zote mbili zinahusu kitu ambacho hakijafunguliwa. Mkishafungua anzeni kuhesabu yenu, soma pembeni ya paketi wameandika "ukifungua tumia ndani ya siku kadhaa", kwa hiyo andikeni siku ya kufungua.

---

ZamuYaAsubuhi

LisheNaWazee hapo kwenye ngazi umenigusa, tunao wanne wa kusagiwa na lebo zetu zinasema "laini" kweli, naenda kuongea na matroni leo leo.

Nilichopanga kupeleka kwenye kikao: stika mapokezi ndugu ajaze, friji ya wodi iwe ya vya ndugu tu na vya jikoni vibaki jikoni, siku 3 mwisho na vya kusaga siku moja, kisichokuwa na jina kamili na tarehe kisiingie friji, na wakati wa kukabidhiana zamu anayetoka na anayeingia wafungue friji pamoja. La mwisho ni kutupa, nani ana mamlaka ya kutupa? Maana ndo chanzo cha ugomvi.

---

NesiWaUsiku

Sisi kila mtu wa zamu anaruhusiwa kutupa kilichopita tarehe, haombi ruhusa, ila anaandika kwenye daftari jina la mzee, kitu gani, sababu, na anamwambia mzee mwenyewe kwa mdomo wake kabla hajakitoa friji. Kama ana dimenshia anaambiwa hivo hivo, na ndugu anapigiwa. Kisicho na lebo kabisa msikimwage kimya kimya wala msikirudishe, ulizeni wazee na zamu iliyotangulia hapo hapo wakati wa kukabidhiana, mwenyewe asipopatikana au hajui kimepikwa lini kinatupwa kabla watu hawajaondoka. Na kwa zile lebo kubanduka kwa unyevu, futa chombo kikavu kwanza, tumia tepu ya karatasi na maka peni isiyofutika, andika ndo ubandike, sio ubandike ndo uandike.

---

BintiYake

Kwenye stika za mapokezi ongezeni na sehemu ya namba ya simu ya aliyeleta. Tuko ndugu kadhaa tunaopokezana kuja, mkimpigia ambaye hakupika hatajua kuna nini ndani.